Visiwa vidogo kwenye mazungumzo ya tabianchi: miaka 35 wamepata nini, na sisi wa pwani tumekaa upande gani?

bamvua_kuu (mleta uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Asubuhi ya tarehe 13 Desemba 2023, kule Dubai, rais wa COP28, yaani mkutano wa mwaka wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, Sultan Al Jaber, alikaa kitini, akautaja waraka mkuu wa mkutano, akasema hasikii pingamizi, akagonga nyundo. Ukumbi mzima ukasimama kushangilia. Wajumbe wa visiwa vidogo hawakuwemo. Walikuwa bado wanaweka sawa msimamo wao wa pamoja, na walipoingia shughuli imeshaisha. Mjumbe wao mkuu, Anne Rasmussen wa Samoa, akaomba kuzungumza, akasema wamechanganyikiwa kidogo, maana inaelekea maamuzi yamepitishwa na nchi za visiwa hazimo ndani. Akazitaja kasoro za waraka moja baada ya nyingine. Ukumbi ukasimama tena, wakampigia makofi na yeye. Waraka ukabaki vilevile.

Kila Novemba tunabishana humu kama hii mikutano ni utalii wa viongozi tu. Mimi naifuatilia kwa ajili ya visiwa, na nina maoni ambayo najua baadhi yenu hamtayapenda: sehemu kubwa ya yale ya maana kwenye mikataba ya tabianchi imeandikwa na hawa watu wa visiwa, ila malipo yake hawajayaona. Ndiyo maana wamebeba kesi yao mahakamani, na huko wamepata kuliko walichopata mezani.

Nianze nyuma kidogo, nitakwenda haraka.

Mwaka 1987 rais wa Maldives, Maumoon Abdul Gayoom, alisimama Umoja wa Mataifa akaeleza kwamba nchi yake inaweza kufutika. Wakati huo hata lile jopo la wanasayansi, IPCC, lilikuwa halijaundwa. Mwaka 1989 nchi ndogo zikakutana Malé, na 1990 wakaunda umoja wao, AOSIS, ambao leo una wanachama 39. Mwaka 1991, mkataba wa Rio wenyewe haujasainiwa, Vanuatu ikapeleka pendekezo: nchi zilizotajirika kwa kuchoma makaa na mafuta zichangie mfuko wa bima, na watakaoharibiwa na kupanda kwa bahari walipwe kutoka humo. Likawekwa kabatini. Mfuko wa hasara na uharibifu, yaani wa kuwasaidia walioumizwa na tabianchi, umekuja kukubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022. Aliyezaliwa mwaka ule wa pendekezo alikuwa na miaka 31 na pengine watoto wake mwenyewe.

Rasimu ya kwanza ya kile kilichokuja kuwa Itifaki ya Kyoto nayo ni ya visiwa. Waliipeleka 1994 kupitia Trinidad na Tobago, wakitaka nchi tajiri zipunguze hewa ukaa kwa asilimia 20 ifikapo 2005. Kyoto 1997 ikatoka na asilimia 5 hivi, na muda ukasogezwa hadi kipindi cha 2008 mpaka 2012.

Halafu nyuzi 1.5, kile kikomo cha kupanda kwa joto la dunia. Hii namba tunaitaja kama imeshuka na mvua, lakini ilipiganiwa. Copenhagen 2009 wakubwa walishaafikiana nyuzi 2. Mjumbe wa Tuvalu, Ian Fry, akasema pesa wanazoahidiwa zinafanana na vile vipande thelathini vya fedha, wapewe ili wawasaliti watu wao. Paris 2015 waziri wa mambo ya nje wa Visiwa vya Marshall, Tony deBrum, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa ameshatumia miezi kuwakusanya matajiri na maskini kimyakimya kwenye kambi moja. Namba ikaingia Ibara ya 2 ya mkataba. Tofauti ya hiyo nusu nyuzi siyo ndogo: ripoti ya IPCC ya 2018 inasema kwenye 1.5 tunapoteza asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe, kwenye 2 tunapoteza zaidi ya asilimia 99. Anayeishi kwa samaki wa mwamba anaelewa hapo.

Ila bei yake ilikuwepo. Marekani ilishikilia kwamba uamuzi wa Paris uwe na aya ya kuzuia fidia, na ukisoma aya ya 51 utaikuta: ibara inayohusu hasara na uharibifu haitakuwa msingi wa dhima wala fidia. Visiwa wakameza.

Naomba kuwasilisha. Wenye nondo waongeze.

chuma_chakavu

Mkuu uzi umeshiba, ila umeegemea upande mmoja. Tuvalu tunaambiwa inazama tangu tuko shule. Kuna utafiti wa 2018 uliopima visiwa 101 vya Tuvalu kwa picha za miaka zaidi ya 40, ukakuta eneo la ardhi LIMEONGEZEKA kwa asilimia 2.9. Maldives nao kila siku wanajenga hoteli na kufukia bahari. Mtu anayezama ananunua kreni?

Na hiyo AOSIS mbona ina Guyana? Guyana ni kisiwa? Wako bara la Amerika Kusini na tangu mwisho wa 2019 wanachimba mafuta kama hawana akili nzuri.

bamvua_kuu

Chuma, utafiti huo ni wa kweli na namba yako ni sahihi. Visiwa vya matumbawe siyo sinia lililowekwa majini. Mawimbi yanavunja matumbawe, yanasukuma mchanga juu, kisiwa kinahama na wakati mwingine kinakua. Waandishi wa habari wengi wanalikwepa hili kwa sababu linaharibu kichwa cha habari.

Lakini soma mbele zaidi. Mchanga unaongezeka kama matumbawe yapo hai na kama kisiwa kimeachwa huru. Ukijenga ukuta na barabara, mchanga haupiti. Pia ukubwa wa kisiwa siyo ndiyo kuishi. Watu wa visiwa hivyo wanakunywa maji ya mvua na yale matamu yaliyoelea chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi. Bamvua likija na dhoruba likapanda juu, kisima kinaingia chumvi na shamba la magimbi linakufa, hata kama ardhi imeongezeka hekta kumi. Sehemu ya juu kabisa ya Tuvalu ni mita kama 4 na nusu hivi.

Maldives kufukia bahari ndiyo hasa namna yao ya kujihami. Hulhumalé imejengwa mita 2 hivi juu ya bahari, juu kuliko visiwa vyao vingi. Wana pesa ya watalii, wanafukia. Kiribati hawana, wakaenda kununua ardhi Fiji mwaka 2014, kilomita za mraba 20 hivi.

Guyana hapo umenishika. AOSIS ni ya visiwa na nchi za pwani tambarare, ndiyo maana Guyana, Suriname, Belize na hata Guinea-Bissau wamo. Guyana kuuza mafuta huku ikilia bahari ni aibu, na Trinidad na Tobago na gesi yake hivyohivyo. Sitamtetea mtu.

hakimu_wa_kijiweni

Swali la kijinga: kwa nini wasipige kura tu? Ukijumlisha visiwa 39, Afrika nzima na maskini wengine, si mnawashinda wote hao wenye mafuta?

bamvua_kuu

Siyo la kijinga mkuu, na jibu lake watu wengi hawalijui. Hakuna kura kwa sababu kanuni ya kupiga kura haijawahi kupitishwa. Tangu COP ya kwanza Berlin, 1995, kanuni za uendeshaji zinatumika kama rasimu, isipokuwa ile ya 42 inayohusu kura. Saudi Arabia na wenzake wauza mafuta waliizuia, na kila mwaka mkutano unafunguliwa kwa kusema hiyo ya 42 tunaiacha kando.

Kwa hiyo kila kitu ni makubaliano ya wote, na "wote" ni vile rais wa mkutano anavyoona yeye. Cancún 2010 Bolivia walisema wazi hatukubali, rais wa mkutano, Patricia Espinosa wa Mexico, akagonga nyundo, uamuzi ukapita. Mzito akikataa, waraka unarudi vyumbani usiku kucha. Mdogo akikataa, anaambiwa maoni yako yataandikwa kwenye kumbukumbu.

Fikirieni na hesabu ya watu. Dubai walihudhuria zaidi ya 80,000. Vikao vinaenda sambamba, kimoja kinajadili fedha, kingine masoko ya kaboni, kingine kukabiliana na athari, na kila chumba kina rasimu imejaa mabano ya mraba kwenye maneno wanayogombania. Nchi yenye wajumbe watano waliolala saa tatu haiwezi kukaa kwenye vyumba kumi. Ndiyo maana wanagawana kwa kundi: wewe wa Grenada kaa kwenye fedha, wewe wa Palau kaa kwenye bahari, jioni tukutane. Na ndiyo maana ile asubuhi ya Dubai walikuwa nje. Walikuwa kwenye kukutana kwenyewe.

mpemba_wa_ng'ambo

Assalaam alaykum jamaa. Niko Muscat, nafuatilia huu uzi tangu asubuhi. Naomba nielimishwe. Kwetu Pemba bahari imeingia kwenye mabonde ya mpunga, ukienda Kisiwa Panza utaoneshwa mashamba yaliyokuwa yakilimwa na sasa ni chumvi tupu. Komoro wamo kwenye huo umoja, Shelisheli wamo, Mauritius wamo. Sisi Zanzibar ni visiwa tangu dunia iumbwe. Kwa nini hatumo?

bamvua_kuu

Waalaykum salaam sheikh. Hili ndilo nililitegemea.

Jibu fupi: wanaoketi pale ni nchi, na kwenye Umoja wa Mataifa nchi ni Jamhuri ya Muungano. Jibu refu lina utata mzuri. Mazingira siyo jambo la Muungano, Zanzibar ina sheria yake na mamlaka yake ya mazingira. Mambo ya nje ni ya Muungano. Kwa hiyo mkoko wa Pemba unasimamiwa Unguja, lakini mdomo wa kuusemea mkoko huo nje unapitia Dodoma.

AOSIS iliwahi kuwa na waangalizi ambao siyo nchi huru, kama Guam na Puerto Rico, kwa hiyo mlango wa namna hiyo upo duniani. Sijaona Tanzania ikiugonga.

Sasa Tanzania inaingia kwa makundi mengine: kundi la Afrika, kundi la nchi zenye maendeleo duni, na G77, umoja wa nchi zinazoendelea. Kundi la wajumbe wa Afrika kwa 2025 na 2026 linaongozwa na Mtanzania, Dk. Richard Muyungi. Hiyo siyo nafasi ndogo. Lakini ndani ya kundi la Afrika wamo Nigeria, Algeria na Angola ambao mafuta ndiyo mshahara wao. Tanzania yenyewe inangojea gesi ya Lindi, na bomba la mafuta ya Uganda linaishia Tanga. Unategemea kundi hilo lipige kelele kuhusu kuachana na mafuta na gesi kama anavyopiga mtu wa Tuvalu? Haliwezi. Na kabla hatujanyoosha vidole bara, Serikali ya Zanzibar ilisaini mkataba wa kutafuta mafuta na gesi mwaka 2018, eneo la baharini lilelile la Pemba na Unguja.

dada_wa_mwani

Mimi siyo mtu wa mikutano, nasoma tu, lakini hapo kwenye matumbawe na joto nimeona niandike. Tunalima mwani pwani ya mashariki, Unguja. Ule mnene, kotonii, ndio wenye bei. Maji yakipwa mchana wa jua kali ukatia mkono kwenye kidimbwi unahisi moto. Mwani unageuka mweupe kwenye vikonyo, unalainika, unakatika, ukija kesho kamba iko tupu kwenye vigingi. Tukahamia kwenye spinosamu, unavumilia lakini bei yake ya kuchekesha. Wanatwambia tuhamie maji ya kina, na wengi wetu hatujui kuogelea wala hatuna chombo.

Sasa naomba kuuliza, huo mfuko mnaosema, mtu kama mimi unamfikiaje?

bamvua_kuu

Dada, hapo ndipo panapouma.

Dubai siku ya kwanza kabisa mfuko ulizinduliwa kwa mbwembwe, na hadi mkutano unaisha ahadi zilikuwa kama dola milioni 700. Falme za Kiarabu milioni 100, Ujerumani milioni 100, Marekani milioni 17.5. Sasa linganisheni na Dominica, kisiwa cha watu elfu sabini na kitu. Kimbunga Maria mwaka 2017 kiliwatia hasara ya dola bilioni 1.3, ambayo ni asilimia 226 ya pato la mwaka la nchi nzima. Usiku mmoja, kisiwa kimoja, na ahadi zote za dunia zingefika nusu na kidogo tu ya hasara yake. 

Awamu ya kwanza ya mgao ni dola milioni 250, na angalau nusu imetengwa kwa visiwa vidogo na nchi zenye maendeleo duni. Mradi mmoja unapata milioni 5 hadi 20. Wito wa kuomba ulitolewa kwenye mkutano wa Belém, Brazil, Novemba 2025. Kwa hiyo Tanzania inaruhusiwa kuomba, kwa ule mlango wa maendeleo duni. Lakini anayeomba ni serikali. Wewe utafikiwa kama kuna mtu Unguja ameandika andiko lenye wakulima wa mwani ndani yake, na mtu mwingine Dodoma akalisukuma. Ningekuwa mwakilishi wa jimbo lenu ningeuliza swali hilo barazani: andiko lipo au halipo?

Jambo jingine ambalo halisemwi sana. Shelisheli wamehesabiwa na Benki ya Dunia kama nchi ya kipato cha juu, kwa hiyo mikopo nafuu hawapati, ingawa dhoruba moja inaweza kuwarudisha nyuma miaka. Ndiyo maana wakahangaika na njia zao: 2016 wakabadilisha sehemu ya deni lao, dola milioni 21 hivi, kwa ahadi ya kuhifadhi bahari, na 2018 wakauza hatifungani ya buluu, yaani ya kukopa kwa ajili ya miradi ya bahari, ya dola milioni 15, ya kwanza duniani. Waziri mkuu wa Barbados, Mia Mottley, naye tangu 2022 anapigania mikopo iwe na kipengele cha kusimamisha marejesho nchi ikipigwa na maafa. Hayo kwangu yana akili kuliko kungojea kapu lipitishwe.

mngazidja

Mleta mada umewataja Komoro mara moja ukapita. Tupe haki yetu.

Kimbunga Kenneth kilitupitia Ngazidja Aprili 2019 kabla hakijaenda kuiangusha Cabo Delgado, Msumbiji. Halafu Desemba 14, 2024 ikaja Chido, ikaishukia Maore, au Mayotte kama mnavyoiita. Upepo zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Vilima vizima vya vibanda vya mabati vilibaki udongo mtupu. Wengi waliokuwa wakiishi mle ni ndugu zetu waliovuka na vijahazi bila karatasi, na iliripotiwa kwamba baadhi hawakwenda kwenye makimbilio kwa kuogopa kukamatwa wakarudishwa.

Sasa nambieni, huyo yuko kwenye hesabu ya nani? Maore ni mkoa wa Ufaransa, kwa hiyo haimo AOSIS, haiwezi kuomba huo mfuko, inangojea Paris. Moroni inasema Maore ni yake, lakini haina hata njia ya kupeleka bati. Visiwa vinne, bahari moja, kimbunga kimoja, na kwenye mikutano sisi ni pande mbili tofauti za meza.

hakimu_wa_kijiweni

Mngazidja hapo umeniacha hoi. Mleta uzi, ulisema wameshinda mahakamani. Wameshinda nini? Maoni ya ushauri tu yale, hayafungi mtu.

bamvua_kuu

Mngazidja, sina cha kukupinga. Kwenye vitabu vya mkataba mtu wa Maore aliyepoteza bati ni mkazi wa nchi tajiri.

Hakimu, twende mahakamani. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pasifiki Kusini, kampasi ya Port Vila, Vanuatu, waliandikia viongozi wao: pelekeni swali la tabianchi Mahakama ya Haki ya Kimataifa. Vanuatu ikalibeba. Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likalipitisha bila kura. Wakati huohuo Tuvalu na Antigua na Barbuda walishaunda tume yao ya kisheria, wakaenda Hamburg kwenye Mahakama ya Sheria ya Bahari, na Mei 2024 ile ikasema gesijoto ni uchafuzi wa bahari kisheria. Ile Mahakama ya Haki, iliyoko The Hague, ikasikiliza Desemba 2024, nchi 96 na mashirika 11, Komoro na Kenya wakiwemo. Tarehe 23 Julai 2025 majaji wote kwa kauli moja wakatoa maoni.

Ni ushauri, kweli. Lakini angalia walichosema. Wajibu wa kutomdhuru mwenzio kwa hewa chafu upo pia kwenye sheria ya mila ya kimataifa, ile inayozifunga nchi hata bila kusaini, siyo kwenye mikataba peke yake. Rais Trump wa Marekani alisaini kujitoa mkataba wa Paris Januari 2025. Kwa maoni haya kujitoa hakukufuti wajibu. Pili, nchi inayovunja wajibu huo inaweza kudaiwa fidia. Ile aya ya 51 waliyoimeza Paris imezungukwa kwa nyuma, na aliyekuja kwa mlango huo ni Vanuatu yuleyule wa 1991. Tatu, ardhi ya nchi kumezwa si lazima kuifanye iache kuwa nchi, wala haitakiwi kuchora upya mipaka yake ya bahari. Hiyo ya tatu ni pesa taslimu: Kiribati ina eneo la bahari la kilomita za mraba milioni 3.5 hivi, na leseni za jodari ndizo sehemu kubwa ya mapato ya serikali yao.

Mahakimu wa nchi moja moja wataanza kuyatumia. Hapo ndipo utaona kama yanafunga mtu.

chuma_chakavu

Mkuu nakubali la mahakama. Lakini nasubiri kuona hundi ya kwanza. Baku 2024 waliomba trilioni 1.3 kwa mwaka, wakapewa ahadi ya bilioni 300 kufikia 2035. Visiwa na maskini walitoka kikaoni kwa hasira, wakarudi, wakakubali. Belém nako ramani ya kuachana na mafuta haikuingia kwenye waraka. Kila mwaka wanatoka, wanarudi.

bamvua_kuu

Wasiporudi wanaandikiwa bila wao, Dubai tumeshaona. COP31 ni Antalya, Uturuki, Novemba 2026, na mazungumzo yenyewe yataongozwa na Australia, huku kikao cha maandalizi kikifanyika Pasifiki. Australia ndiyo iliyosaini na Tuvalu mkataba wa kuchukua watu 280 kila mwaka, na kwenye bahati nasibu ya kwanza ya kuchagua wa kwenda, mwaka 2025, walijiandikisha zaidi ya robo tatu ya Watuvalu wote. Wakati huohuo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa makaa na gesi duniani. Nitafungua uzi mwingine rasimu zikianza kutoka. Dada wa mwani, ukipata jibu la lile andiko kutoka kwa wahusika, liweke hapa tulisome.